Kikombe cha Mgeni Rasmi

Kabla halijawa darasa, ghala lile lilikuwa la papa wakavu. Waliotupangisha walisema limeoshwa kwa maji ya bahari na majivu, tena si mara moja, nami sikuwa na sababu ya kuwakanusha, ila harufu ya papa haitoki kwa kuoshwa. Ilikuwa kwenye kuta, kwenye madawati, hata kwenye chaki. Nilipopeleka Nairobi kadi zetu za kwanza za matundu, zile za kuandikia kompyuta maagizo, ili wenzangu wa zamani wazipitishe kwenye mashine yao, jibu lilinifikia kupitia kwa abiria mmoja aliyekuwa anakuja Lamu: mwambie mwalimu asituletee tena samaki. Nilicheka siku ile. Baadaye sikucheka tena, maana kadi zenyewe zilikuwa zimevimba kwa unyevu, na zile ambazo hazikuvimba zilikuwa zimetafunwa na mende.

Mimi ni mtu wa bara. Miaka ya sitini ilipokuwa inaelekea mwisho, nilikuwa nikifanya kazi Nairobi, katika ofisi moja iliyokuwa na kompyuta iliyojaza chumba kizima, na nilikuwa nimefunzwa kuiandikia maagizo. Ndipo nikaambiwa kuna chuo kidogo cha makarani huko Lamu kinachotaka mtu wa kuwapa vijana mwanga wa fani hii mpya. Nikapanda basi, kisha mashua, nikafika. Kompyuta haikuwapo. Hapakuwa hata na umeme. "Mashine itakuja," mkuu wa chuo aliniambia, akinishika bega, na maneno hayo aliendelea kunipa kila nilipouliza mpaka nilipoondoka.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa bara kama mimi, jambo lililonitia aibu zaidi. Alikuwa mnene, msafi wa nguo, mchafu wa tabia. Akishakula mchana, alikuja na kusimama mlangoni mwa darasa langu akichokonoa meno kwa kona ya kadi ya matundu, mojawapo ya zile nilizokuwa nikizihesabu kwa uchungu, kisha akaitupa chini na alichokitoa menoni kikiwa kimeganda juu yake. Halafu akapiga makofi. Wanafunzi wakasimama wote kwa pamoja wakaimba alichowafundisha kabla sijafika: "Kompyuta ni mashine ya umeme ipokeayo habari, kuifanyia kazi na kuitoa!" Aliwaimbisha mpaka aridhike, akaondoka. Hakuna aliyejua maana ya neno lolote katika wimbo ule, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa nyuma ya wote. Nilikuwa nikigeuza uso ukutani nisimwone.

Basi nilikuwa na vijana wasiowahi kuona taipureta, achilia mbali kompyuta. Wengine walikuwa wa Lamu mjini, wengine wa Pate na visiwa vya kaskazini, na wachache watoto wa maofisa na askari wa bara. Mmoja alikuwa kijana wa Kiunga. Huyu alikuwa amekimbia na mama yake na dada zake wakati wa vita vya shifta, wakaacha shamba na nyumba, na sasa walilala katika jiko la jamaa yao mmoja huko mtaa wa Langoni. Nasema jiko, si chumba. Mama alikuwa akikunja mkeka wake alfajiri ili wenye nyumba wawashe moto, na akiutandaza tena wakishakula na majivu kupoa. Alipika chai na mahamri akatuuzia chuoni, ndivyo nilivyomjua.

Ofisi yangu ya zamani ilikuwa imekubali kumchukua mwanafunzi mmoja tu, atakayefanya vizuri kuliko wote, kwa mshahara na chumba cha kuishi yeye na familia yake. Kila mtu darasani aliitaka nafasi ile. Kijana wa Kiunga hakuitaka kama wengine walivyoitaka. Siku moja nilimwuliza Nairobi atafanya nini, nikidhani ataniambia sinema au suti. Akasema, "Mama apate mlango wake mwenyewe, Mwalimu. Akitaka kuufunga, aufunge."

Somo la kwanza nililitengeneza hivi. Niliweka mezani birika la chai na kikombe, nikasimama kando. Nikawaambia, "Mimi ni kompyuta. Sina akili, sina adabu, sijui chai ni kitu gani. Nitafanya mnachoniagiza, hicho hicho, bila kuongeza wala kupunguza. Niagizeni mpaka ninywe chai."

Kijana mmoja wa Pate akasimama, akatabasamu vizuri. "Karibu chai, Mwalimu."

Sikusogea.

"Mwalimu, kunradhi. Ukiwa na nafasi, ujimiminie kidogo."

"Mashine haijui nafasi," nikasema. "Nafasi haina, wala haikosi."

Wakatazamana. Akajaribu mwingine, akaniombea dua njema kwanza, halafu akaniuliza hali ya nyumbani, halafu akasema inshallah nitakunywa. Nikabaki nimesimama kama mlingoti. Nilidhani wananichezea. Mwishowe yule wa Pate akasema kwa unyonge wa kweli, "Haifai, Mwalimu. Katika nti hini mtu hamwamuru mkubwa wake. Tukwambie 'inua', 'mimina', kama twamwambia mtumwa? Wazee wakisikia watatwambiani?"

Hapo nilielewa kwamba ugumu wangu haukuwa hesabu. Vijana hawa walikuwa na akili za kutosha na zaidi. Walikuwa wamelelewa tangu wadogo kutotoa amri kavu kwa mtu aliyewazidi umri, na kompyuta hailijui neno jingine ila amri kavu. Niliwaeleza, nikawabembeleza, nikakasirika, nikawaita wapuuzi. Hawakuweza. Midomo yao ilikataa kabisa.

Kijana wa Kiunga ndiye aliyetoka nje, akarudi na pakacha ambalo mama yake alibebea nazi. Akanijia taratibu, akasema "Niwie radhi, Mwalimu," akanivisha pakacha kichwani mpaka mabegani. Dunia ikawa makuti. Nikamsikia akiwaambia wenzake, "Haya. Mwalimu hayupo. Hii ni mashine."

Darasa likapasuka kwa kicheko, kisha amri zikamwagika. Simama! Nyosha mkono! Shika! Inua! Walinipeleka nikagonga meza, nikashika hewa, nikamimina chai chini. Waliniambia nimimine, wakasahau kuniambia niache, nikamimina mpaka chai ikafurika mezani na kuniunguza miguu, na hapo wakajifunza kusema "mimina mpaka kikombe kijae, kisha acha." Jasho lilinitoka ndani ya pakacha lile lenye vumbi la nazi, harufu ya papa ikanijaa puani, na sijawahi kufundisha vizuri kama nilivyofundisha wiki zile. Ukifika mwisho wa kipindi wananivua pakacha, wote wanakuwa wapole tena: "Ahsante, Mwalimu. Mungu akupe nguvu."

Siku moja, nikiwa ndani ya pakacha, walinimiminisha chai sawasawa, wakaniinulisha kikombe mpaka mdomoni kwa kunifunulia pakacha kidogo. Walikuwa wamefurahi mno. Nilipokaribia kunywa, mtu akapiga kelele. Katika chai alikuwa akielea mende, mkubwa, mbawa zimefunguka. Ghala lile lilikuwa lao, nasi tulikuwa wageni, na vikombe vyetu vilikaa kwenye kabati walikolala. Kisha nikawaambia bila kuvua pakacha, "Nani aliniagiza nitazame ndani?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Basi ningemnywa. Kompyuta ingemnywa, na kesho ingemnywa tena."

Kijana wa Kiunga akaandika ubaoni, polepole, agizo jipya la kuanzia yote: Tazama ndani ya kikombe. Ikiwa mna kitu, mwaga, osha, tazama tena. Ikiwa hamna kitu, endelea. Nilivua pakacha, nikasoma maneno yale nikiwa na mende bado machoni pangu na nikajua kwamba yule kijana ameshavuka. Wengine walikuwa wakiandika maagizo ya siku mambo yakienda vizuri. Yeye alikuwa anaandika ya siku yakienda vibaya, na kazi nzima ya kuandikia mashine iko hapo.

Mtihani ulipokaribia, tukasikia kwamba bwana mkubwa mmoja atakuja kutoka bara kuutazama, na ndiye atakayetamka nani amepata nafasi. Mkuu wa chuo akaanza kutetemeka kwa furaha. Akapaka chokaa ukuta wa mbele tu, ule utakaoonekana kutoka barabarani. Kisha akapata wazo lake, akaniita ofisini, na kabla sijakaa akaniambia: mgeni rasmi mwenyewe ndiye atakayekuwa mashine. Wanafunzi watamwagiza, atajimiminia chai, atafurahi, watu watacheka kwa heshima.

"Atavaa pakacha?" nikauliza.

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Pakacha! Mgeni rasmi! Tena akataka kuyaona maagizo yote, akayapitia mbele yangu akiwa na mfupa wa samaki kwenye sahani ubavuni, mafuta ya vidole yakibaki kwenye karatasi za watoto wa watu. Kila palipoandikwa "shika" aliandika "tafadhali Bwana shika." Kila palipoandikwa "tazama ndani ya kikombe" alipiga mstari. "Mgeni rasmi haambiwi atazame kama kikombe ni kichafu," alisema. "Haambiwi aoshe vyombo." Nilimwambia kwamba akiondoa hilo atakuwa ameondoa kitu pekee walichojifunza. Akalamba kidole, akafunua ukurasa mwingine.

Wanafunzi walikubali. Siwalaumu, maana alichotaka mkuu wa chuo ndicho walichofunzwa nyumbani tangu mwanzo, na pakacha halikuwapo la kuwaokoa. Kijana wa Kiunga peke yake alirudishiwa karatasi yake akaiandika upya kama ilivyokuwa. Mkuu wa chuo akamwita mbele yetu, akamwuliza kama ana masikio.

"Ninayo, Bwana," alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Lakini ikitoka hiyo, yaliyobaki hayafanyi kazi."

Siku yenyewe ghala lilijaa. Wazee wa mji walialikwa wakakaa mbele na kanzu zao, wakistahimili harufu kwa ustaarabu ambao sisi wa bara hatuna. Mama wa kijana wa Kiunga alikuwa amepika chai, akasimama kwenye mlango wa uani na buibui lake, sinia mkononi. Vikombe vya chuo alikuwa ameviosha vyote mwenyewe. Mkuu wa chuo alivitazama akavisukuma kando. Hakutaka mgeni anyweshwe katika vikombe vya wanafunzi. Akafungua kabati, akatoa kikombe chake chenye maua ya buluu, kikubwa, kirefu kwenda chini, akakipangusa nje kwa leso yake na kukiweka mezani. Ndani hakutazama.

Mgeni rasmi alikuwa na tumbo, miwani, na sauti ya mtu asiyekatizwa. Alihutubia kwa muda mrefu juu ya dunia ya kesho huku akijikuna. Kisha akasimama kando ya meza, akatanua mikono. "Haya, mimi ni mashine yenu!" Watu wakacheka kwa heshima kama ilivyopangwa.

Akaanza kijana wa Kiunga. Alikuwa amekunja karatasi yake ndogo sana mkononi. Hakuweza kumtazama yule mtu usoni, alitazama birika.

"Tazama ndani ya kikombe."

"Nini?" akasema mgeni.

"Tazama ndani ya kikombe. Ikiwa mna kitu, mwaga, osha—"

"Nioshe?" Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Unaniambia mimi nioshe kikombe?"

"Simwambii Bwana," kijana akasema. "Naambia mashine."

Wazee wakaguna, si kwa ubaya, ila waliguna. Mkuu wa chuo alikuwa tayari amesimama, akiomba radhi kwa niaba ya chuo na Lamu nzima. Mgeni akatikisa kichwa. Akasema elimu bila adabu haina faida, kwamba vijana kama hawa ndio wanaoharibu kazi za serikali, akamwamuru akae. Nikainuka. Nilisema kwa sauti ya kusikika mlangoni, "Bwana, agizo hilo ni sahihi. Tafadhali kitazame kikombe kwanza." Mkuu wa chuo alinivuta koti mpaka kifungo kikatoka. Mgeni rasmi hakunitazama mimi wala kikombe.

Akaitwa kijana mwingine, yule aliyekuwa akimbebea mkuu wa chuo mkoba kila asubuhi. Alisoma vizuri, kwa sauti ya asali. "Tafadhali Bwana, ukipenda, shika birika. Tafadhali Bwana, mimina kiasi upendacho. Tafadhali Bwana, kunywa, ufurahi." Hakuna hata agizo moja humo ambalo mashine ingeweza kulifuata, maana kiasi kipi, na birika lipi, na kufurahi kunafanywaje? Lakini mgeni hakuwa mashine. Alikuwa mtu aliyezoea kubembelezwa, akayajaza mapengo yote mwenyewe, akamimina huku akitabasamu kwa hadhira, akainua kikombe chenye maua ya buluu akavuta funda kubwa.

Akasimama hapo hapo, mashavu yamejaa.

Nilikuwa karibu naye. Niliona macho yake yakitanuka nyuma ya miwani. Niliona ulimi wake ukisogea taratibu ndani ya shavu, ukikigusa kitu, ukirudi nyuma. Ghala zima lilimtazama likisubiri hukumu. Angeweza kutema. Mtu yeyote angetema. Lakini kutema kulikuwa na maana ya kwamba yule kijana aliyemkalisha alisema kweli, na yeye, mbele ya wazee wote wale, alikuwa mjinga. Nilimwona akilifikiria. Kisha akameza. Koo lilipanda na kushuka, likapanda tena, akameza mara ya pili kwa nguvu, na machozi yakamlenga. Kwenye mdomo wake wa chini palibaki mguu mmoja wenye miiba midogo. Akaufuta kwa leso.

"Safi sana," akasema. "Huyu ndiye anayeelewa kompyuta."

Sikuwa nimemkasirikia mende. Mende ni mdudu tu, hajui anachofanya. Nikasema, bila kushusha sauti, "Bwana, ulichokimeza ndicho alichokuambia ukitazame." Mzee mmoja mbele akasema astaghafirullah, akainamisha uso. Mkuu wa chuo akapiga makofi haraka. Wanafunzi wakasimama, na kama walivyozoeshwa, wakaimba wote kwa pamoja: kompyuta ni mashine ya umeme ipokeayo habari, kuifanyia kazi na kuitoa. Mgeni rasmi alikuwa akiitikia kwa kichwa huku amebana midomo.

Mbeba mkoba akaenda Nairobi. Baadaye nilisikia kwamba hakuweza kuandika hata agizo moja likapita, wakampa kazi ya kupokea wageni, na kwamba anaifanya vizuri. Kijana wa Kiunga alivuka kwenda Kizingitini, akapata kibarua cha kupanga kamba-mti wa baharini kwenye masanduku ya tajiri mmoja. Mimi niliambiwa muhula utakapokwisha nisirudi, nami sikuwa na hamu ya kurudi. Niliandika Nairobi kumwombea yule kijana, nikaandika tena. Walinijibu kwamba neno la mgeni rasmi limeshapokelewa.

Lakini alasiri ile ya mtihani, watu walipokwisha kutawanyika, nilibaki ghalani kukusanya kadi zangu. Mama yake akaingia kuchukua vyombo. Akavipanga kwenye sinia, vile vikombe alivyoviosha ambavyo hakuna aliyevinywea. Kile cha maua ya buluu hakukigusa. Akasimama mbele yangu, macho yake tu yakionekana.

"Mwalimu," akasema, "mimi siyui hizo mashine zenu. Nambia tu. Mwanangu alikosea wapi?"

"Hakukosea, mama."

"Hakukosea?"

"Hata mahali pamoja."

Akajitwika sinia kichwani. "Basi kheri angalikosea," akasema. "Ningaliyua la kumfunda."

Akatoka kwa mlango wa uani, akarudi Langoni, kwenye jiko la watu.